Maji Yatatokea Wapi?

Ndugu msomaji, pengine umewahi kuona jambo hili. Mvua imenyesha vizuri. Umepanda kwa mistari. Umepalilia kwa wakati. Lakini mahindi yako yaliyo bondeni yanageuka rangi. Majani ya chini yanakuwa manjano. Shina linabaki jembamba. Mahindi ya jirani yako aliyelima kwenye mwinuko yanakuwa marefu mara mbili ya yako.

Watu husema mengi. Mmoja husema mbegu ilikuwa mbovu. Wa pili husema ardhi imechoka. Wa tatu hasemi kitu. Anatazama upande wa nyumba ya jirani na kutikisa kichwa. Mimi nimelima bondeni kwa zaidi ya miaka 20, na kwa muda mrefu nilikuwa mmoja wa watu hao watatu. Sitasema yupi.

Siku moja bwana shamba alinishauri nichimbe shimo katikati ya shamba. Nilichimba mpaka kina cha mita 1, yaani shimo la kufika kiunoni. Lilikuwa kavu. Nikalifunika kwa matawi ili mbuzi wasitumbukie, nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta maji yamejaa mpaka yamebakiza sentimita 30 tu kufika juu. Hakuna mtu aliyeyamimina. Maji hayo yalikuwa ndani ya udongo, na yalikuwapo siku zote.

Basi hapo nilielewa. Mizizi ya mahindi hupumua kama sisi tunavyopumua. Kati ya chembe za udongo kuna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Maji yakijaza nafasi zote hizo, mizizi inakosa hewa. Inaacha kushuka chini, inabaki juu juu, na baadaye inaoza. Mmea unaonekana kama una njaa, na kweli una njaa, kwa sababu hauwezi kula.

Dawa ya shamba la namna hiyo inajulikana. Ni kuyapa maji njia ya kutoka. Njia moja ni mitaro ya wazi. Njia nyingine ni kuzika mabomba chini ya shamba. Mabomba hayo yana matundu madogo. Maji yaliyozidi huingia katika matundu, hutiririka ndani ya bomba, na kutokea mwisho wa shamba. Juu yake unalima kama kawaida. Mtaro hauli eneo lako, wala jembe la ng'ombe haligusi kitu.

Katika ukurasa huu nataka kutoa maoni yangu juu ya mabomba haya. Maoni yangu ni kwamba tunaianza kazi hii kutoka upande usiofaa. Tunanunua mabomba kwanza. Halafu tunachimba. Halafu, mfereji ukisha kuwa mrefu na migongo inauma, ndipo mtu mmoja anauliza: Je, maji haya yatatokea wapi? Swali hilo ndilo la kwanza. Na mara nyingi jibu lake haliko katika shamba lako. Liko katika shamba la mtu mwingine.

Najua haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Tulikuwa wakulima 6 wenye mashamba yaliyopakana. Tuliuza mbuzi na magunia ya mpunga, tukanunua mabomba ya plastiki. Muuzaji alituambia tuyazike kina cha mita 1 na kuyaelekeza mtoni. Hakuja kuona mto. Sisi tuliutazama mto mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa chini kabisa, karibu mita 2 chini ya usawa wa mashamba yetu. Tukaona mambo ni mazuri. Tukachimba, tukazika, tukafukia.

Masika ilipofika, mto ulipanda. Ulifunika midomo ya mabomba yetu. Maji ya mto yakaingia katika mabomba, yakapanda nayo, yakajaa chini ya mashamba. Sisi tulidhani tumeyajengea maji njia ya kutoka. Kumbe tulikuwa tumeujengea mto njia ya kuingia.

Sasa chukua kalamu na daftari, tufanye hesabu pamoja. Ni hesabu ya kujumlisha tu, na laiti tungeifanya kabla ya kuuza mbuzi.

Bomba halizikwi kwa kulala sawasawa. Lazima literemke kidogo, ili maji yatembee. Mteremko unaotosha ni sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita 100. Tuseme bomba lako lina urefu wa mita 200, na unataka mteremko wa sentimita 20 kwa kila mita 100. Basi bomba litashuka sentimita 40 kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tuseme shamba ni tambarare, na upande wa juu umelizika kina cha mita 1. Upande wa chini litakuwa kina cha mita 1 na sentimita 40. Hapo ndipo mdomo wa bomba ulipo.

Lakini mdomo wa bomba haufai kugusa maji ya mtaro. Lazima uning'inie juu ya maji hayo, angalau sentimita 30, ili bomba lisizibwe na ili uweze kuona kama linatoa maji. Kwa hiyo maji ya mtaro, hata siku ya mvua kubwa, yasipande zaidi ya mita 1 na sentimita 70 chini ya usawa wa shamba lako. Mto wetu wakati wa masika hupanda mpaka nusu mita chini ya usawa wa shamba. Hesabu inakataa. Hakuna bomba, hata la bei gani, litakaloweza kuibadili.

Utajuaje mto unapanda mpaka wapi? Usiupime wakati wa kiangazi kama sisi. Tazama miti ya kando. Utaona majani makavu na takataka zimenasa katika matawi. Hapo ndipo maji yalipofika. Waulize pia wazee, maana wao wameona masika nyingi kuliko mti huo.

Kujua tofauti ya juu na chini hakuhitaji mashine ya gharama. Mafundi wa nyumba hutumia mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha maji ndani. Mtu mmoja anashika ncha moja upande wa juu wa shamba, mwenzake anashika ncha nyingine upande wa chini. Maji katika ncha zote mbili husimama katika usawa mmoja. Kila mmoja anapima kwa futi kamba kutoka ardhini mpaka kwenye maji. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tofauti ya ardhi. Fanya hivyo kila baada ya mita 20, andika, kisha jumlisha. Mtu aliyekwisha kujua kusoma na kuandika namba anaweza kuifanya kazi hii. Zamani tungesema tumngoje mtaalamu. Mtaalamu bado anahitajika, lakini akija akukute na vipimo katika daftari, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Kazi hii ya kuzika mabomba si ngeni duniani. Mwaka 1821 mkulima mmoja wa Uskoti, jina lake John Johnston, alihamia Marekani. Alinunua shamba karibu na mji wa Geneva, katika jimbo la New York. Shamba lilikuwa la udongo mzito wenye maji. Huko kwao Uskoti wakulima walikuwa wakizika vibomba vya udongo wa kuchoma. Mwaka 1835 aliagiza mfano wa vibomba hivyo kutoka kwao. Akampata mfinyanzi wa kumtengenezea kwa mkono, na mwaka 1838 akaanza kuvizika. Majirani walimcheka. Walisema huyu mzee amerukwa na akili, anazika vyungu ardhini. Lakini ngano yake ilizidi kustawi mwaka hata mwaka, na yeye akazidi kuzika. Mwishowe alikuwa na zaidi ya maili 70 za vibomba chini ya shamba lake. Majirani waliomcheka wakaanza kuzika vyao.

Vibomba hivyo vilikuwa na urefu wa futi moja hivi, na vilipangwa kimoja baada ya kingine bila kuunganishwa kwa saruji. Watu wengi hudhani maji yalipenya katika udongo wa kibomba. Sivyo. Maji yaliingia katika nafasi ndogo zilizo kati ya kibomba na kibomba. Siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki yenye mikunjo na matundu, lakini kazi ni ile ile.

Lakini habari za Johnston zina upungufu kwetu. Yeye alikuwa na shamba kubwa la peke yake. Wengi wetu tuna ekari 1, au 2, au nusu. Kwa hiyo mimi napenda zaidi tujifunze kutoka Misri, ambako wakulima wana mashamba madogo kama yetu.

Zamani Mto Nile ulikuwa ukifurika mara moja kwa mwaka. Maji yalifunika mashamba, kisha yakashuka na kuondoka na chumvi. Katika karne ya 19 Wamisri walianza kujenga malango na mifereji ili walime hata nje ya msimu wa mafuriko. Halafu Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970. Mafuriko yakaisha kabisa. Maji ya kumwagilia yakapatikana mwaka mzima. Ilikuwa furaha kubwa, na kwa haki.

Lakini maji yaliyoingia mashambani kila siku hayakuwa na pa kwenda. Yalikusanyika chini. Maji ya chini yakapanda, na chumvi ikapanda pamoja nayo. Wewe mwenyewe unajua jinsi mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Maji hupanda katika udongo kwa namna hiyo hiyo. Yakifika juu, jua huyakausha, nayo huacha chumvi yake. Ukiona vumbi jeupe juu ya udongo wakati wa kiangazi, jua kwamba utambi unafanya kazi chini yako. Hapa kwetu pia yapo mashamba yenye shida hiyo. Huko Arusha Chini, kusini ya mji wa Moshi, mashamba makubwa ya miwa yamepambana na chumvi kwa miaka mingi.

Mwaka 1973 serikali ya Misri iliunda mamlaka maalumu ya kutoa maji mashambani. Tangu wakati huo mabomba yamezikwa chini ya zaidi ya hekta milioni 2. Mabomba madogo hupita chini ya mashamba, na yote humwaga katika bomba kubwa la kukusanyia. Bomba kubwa humwaga katika mtaro. Wakulima hurudisha gharama kidogo kidogo kwa miaka 20, bila riba.

Sasa sikiliza jambo lililowapata. Bomba kubwa moja lilipita chini ya mashamba ya watu wengi. Mmoja alipanda mpunga. Mwingine alipanda pamba au mahindi. Mpunga unataka maji yasimame. Pamba na mahindi vinataka maji yaondoke. Mwenye mpunga aliona maji yake, aliyoyafuata kwa jasho, yanapotelea chini. Akafungua shimo la bomba kubwa na kuliziba kwa matope na majani makavu. Maji yake yakabaki. Lakini maji ya wenzake waliokuwa upande wa juu nayo yakabaki, na mazao yao yakaharibika.

Je, mwenye mpunga alikuwa mtu mbaya? Mimi nasema hapana. Alilinda chakula cha watoto wake. Kosa lilikuwa katika mpango. Mpango ulichorwa kana kwamba chini ya shamba zima kuna mkulima mmoja mwenye zao moja. Baadaye wataalamu walibadilisha mpango katika sehemu za mpunga. Mashamba yenye zao moja yaliunganishwa katika bomba lao, na bomba hilo likawekewa mlango. Msimu wa mpunga mlango hufungwa, na hakuna jirani anayeumia.

Ndiyo maana nasema mabomba yapangwe katika mkutano kwanza, na kwenye udongo baadaye. Nani atapanda nini? Nani yuko juu, nani yuko chini? Bomba litapita kwa nani? Mtaro utaishia kwa nani? Hata Marekani, ambako kila mkulima hujiona bwana katika shamba lake, walilazimika kufika hapo. Mwaka 1879 jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuwawezesha wakulima waungane, wachange, na kuchimba njia moja ya kutolea maji. Waliona kwamba mtu hawezi kulikausha shamba lake peke yake kama njia ya maji inapita kwa mwenzake.

Wako wakulima wanaoogopa mabomba kwa sababu nyingine. Wanasema: "Kiangazi kikija, mabomba yatanyonya maji yote, na mazao yatakauka." Hofu hii nimeisikia mara nyingi, tena kwa watu wenye akili. Jaribu hivi. Chovya kitambaa katika ndoo ya maji, kisha kitundike kwenye kamba. Kitadondosha maji kwa muda, halafu kitaacha. Kishike. Bado kina maji mengi. Udongo ni kama kitambaa hicho. Maji yanayodondoka ndiyo yanayoingia katika bomba. Maji yaliyoshikwa na udongo hayaingii, na hayo ndiyo mazao yanayoyatumia. Tena shamba lenye mabomba hustahimili ukame kuliko zamani, kwa sababu mizizi imeshuka chini na kujifunza kutafuta.

Hofu ya wengine nakubaliana nayo. Si kila bonde lenye maji linafaa kukaushwa. Yako mabonde ambayo ndiyo ghala la maji la kijiji. Hushika maji ya masika na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Chemchemi ya chini inapata maji yake humo. Ukilikausha bonde hilo, utapata mahindi, na akina mama watatembea mbali zaidi na ndoo. Hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mtaro mtoni, nendeni mkaulize ofisi ya bonde la maji na ofisi ya kilimo ya wilaya. Msiseme hamkujua.

Maji yanayotoka katika mabomba pia hubeba mbolea. Huko Marekani, mbolea kutoka mashamba yenye mabomba hushuka kwa Mto Mississippi hadi Ghuba ya Mexico. Huko mimea midogo ya majini huongezeka kupita kiasi, kisha hufa na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa ndani ya maji. Kila mwaka wakati wa joto kuna eneo kubwa la bahari ambalo samaki hawawezi kuishi. Kama chini ya kijiji chenu kuna bwawa la samaki au watu wanakunywa maji ya mto, jambo hili nalo liingie katika mkutano.

Juu ya udongo nitasema machache. Mabomba yanafaa zaidi katika udongo unaopitisha maji. Katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika miguu wakati wa masika, mimi singezika bomba hata kama ningepewa bure. Udongo huo ukilowa huvimba na kuziba njia zote. Hapo lima kwa matuta, chimba mitaro ya wazi, au panda mpunga. Katika udongo mzito wa kawaida, mabomba hukaribiana, mita 10 hadi 20 kati ya bomba na bomba. Katika udongo mwepesi yanaweza kuachana mita 40 au 50. Sababu ni hii: kati ya mabomba mawili, maji ya chini hubaki yameinuka kama mgongo wa ng'ombe. Mabomba yakiachana mno, mgongo huo unafika kwenye mizizi.

Na kabla ya hayo yote, panda juu ukatazame. Pengine maji yako yanatoka kwenye mfereji wa kumwagilia unaovuja huko juu. Kama ni hivyo, zibeni mfereji. Ni kazi ya siku 2, wala haina haja ya bomba.

Wako wanaoniuliza kama wanaweza kutumia kitu cha bei nafuu kuliko plastiki. Wanaweza. Mtaro uliojazwa mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha udongo, hutoa maji kwa miaka mingi kama umetengenezwa vizuri. Wengine hutaja mianzi. Wazee wa Iringa wanakumbuka mabomba ya mianzi yaliyopeleka maji ya kunywa vijijini katika miaka ya 1970. Adui zake walikuwa mchwa na kuoza. Kwa shamba langu mimi ningechagua mawe, kwa sababu mchwa hawali mawe.

Jambo moja la hatari lazima niliseme. Mtaro wenye kina cha kufika kifuani, katika udongo uliolowa, unaweza kubomoka na kumfukia mtu kwa ghafla. Usichimbe peke yako. Udongo uliotolewa urushwe mbali na ukingo. Watoto wasicheze karibu. Chimbeni wakati wa kiangazi, anzeni upande wa mdomo na kwenda juu, ili maji yakitokea yapate njia ya kukimbilia badala ya kuwajalia miguuni.

Na mkisha kufukia, choreni ramani. Huko Marekani yako mashamba mengi yenye vibomba vya zamani ambavyo hakuna ajuaye vilipo, kwa sababu aliyevizika alikufa navyo kichwani. Vikiziba, watu wanachimba huku na huku wakikisia. Ramani haihitaji kupendeza. Chora mwembe, chora njia, chora mto. Andika: kutoka mwembe mpaka bomba la kwanza, mita 12. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji.

Sasa nimalizie habari zetu sisi wakulima 6. Baada ya mto kutuingilia, tulikaa msimu mmoja bila kusemezana vizuri. Kila mmoja alimlaumu mwenzake. Kisha tukachukua mpira wa maji na futi kamba, tukapima bonde lote kwenda chini. Tuligundua kwamba baada ya kona ya mto kuna maporomoko madogo. Hapo mto unashuka ghafla zaidi ya mita 2 na nusu. Mtaro wetu ukimwaga chini ya maporomoko, hata masika haitaufikia. Hesabu ilikubali. Afisa wa bonde la maji alikuja, akatazama, akatuonyesha mahali pa kupitisha.

Lakini mtaro huo wa mita 400 ulipita katika mashamba ya watu 4 ambao hawakuwa na shida ya maji kama sisi. Watatu walikubali. Wa nne alikuwa bibi mmoja mjane. Alikataa. Alisimama mkutanoni akasema: "Wanangu, maji ni yenu. Mtaro utakula hatua 4 za shamba langu, na kunikata nisifike upande wa pili. Mimi nitapata nini?"

Baadhi yetu walinung'unika. Walisema bibi anazuia maendeleo. Mimi niliona aibu, maana swali lake lilikuwa lile lile ambalo sisi hatukuliuliza tulipoelekeza mabomba yetu mtoni. Tulirudi kwake mara 5. Mwishowe tulipatana, na mapatano yakaandikwa katika daftari la kijiji. Kona ya shamba lake iliyokuwa ikituama maji itawekewa bomba bila yeye kutoa hata shilingi. Sisi tutamjengea daraja la magogo juu ya mtaro, na kulitengeneza kila mwaka. Atalipwa kwa magunia kwa hatua zile 4. Aliweka sahihi yake mwenyewe. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake katika darasa la jioni.

Masika iliyofuata mto ulipanda kama kawaida yake. Maji hayakurudi. Nilichimba tena shimo lile lile katikati ya shamba, na asubuhi nikakuta maji yako mbali, karibu na mwisho wa shimo.

Wiki chache baadaye, alfajiri, nilisikia mtu akibisha hodi. Alikuwa bibi yule, na khanga yake imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka kutazama mtaro. "Bomba lenu la tatu halitoi maji," aliniambia. "Nadhani panya ameingia. Lete waya wa kuziba mdomo, na uje na jembe."

Nilichukua jembe.